Nguruwe Aliyeleta Ugomvi: Juu ya Kutafsiri Nahau za Kijerumani

Huenda ukajiuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya kutwa hapa Kisauni, shule ambayo haifundishi Kijerumani hata kidogo, ana nini cha kusema juu ya lugha hiyo katika jarida la chama cha Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mimi sikukifuata Kijerumani. Chenyewe kilikuja nyumbani kwetu, ndani ya daftari, baada ya kumkosesha mjomba wangu kazi ya wiki nzima.

Mjomba wangu ni nahodha wa mashua yenye kioo sakafuni, zile zinazowachukua wageni kutoka ufuo wa Bamburi hadi kwenye mwamba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986. Wageni huinama wakatazama samaki na matumbawe bila kulowa. Kwa miaka mingi Wajerumani wamekuwa wengi miongoni mwa wageni hao, na ndiyo maana ukipita ufuoni utawasikia vijana ambao hawakumaliza darasa la nane wakiporomosha Kijerumani kama maji. Hawakukisoma darasani. Walikiokota neno moja moja, kama mtu aokotaye kombe.

Siku moja ya msimu wa kaskazi mwaka jana, injini ya mashua ilizima karibu na mwamba, na maji yalikuwa yameanza kutoka. Mjomba akatwaa upondo akawa anasukuma, huku akiwatuliza wageni wake, mume na mke wazee kutoka Ujerumani. Wakafika pwani dakika chache tu kabla maji hayajakupwa kabisa na kuwaacha wamekwama juu ya mawe kwenye jua la saa saba. Waliposhuka, yule mzee wa Kijerumani akampiga mjomba begani, akacheka kwa furaha, akasema: "Da haben Sie aber Schwein gehabt!"

Mjomba hakuelewa. Akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa karibu.

"Yuwasemaje huyu?"

"Mzee," kijana akajibu kwa kusitasita, "yuwasema ulikuwa na nguruwe."

Mjomba ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na ndani ya mashua hiyo ndimo anamoweka mkeka wake wa kuswalia. Akadhani labda kijana amekosea. Akamwuliza mke wa yule mzee kwa Kiingereza, na mama yule, kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, akathibitisha huku akitabasamu: "Yes, yes. You had pig."

Basi ikawa nongwa. Mjomba akawarudishia pesa zao zote. "Kama chombo changu kina nguruwe," akasema kwa Kiswahili, "na pesa zenu zina nguruwe." Wale wazee walibaki wameduwaa na noti mkononi. Walikuwa wamekubaliana naye kwa siku mbili zaidi, lakini hawakuonekana tena. Mwenye mashua aliposikia kuwa nahodha wake amekataa pesa za wageni, akampa mtu mwingine chombo kwa wiki nzima. Wiki hiyo nyumbani kwa mjomba tuliijua kwa mboga iliyopikwa, au tuseme kwa mboga ambayo haikupikwa.

Aliyefumbua fumbo ni jirani yetu mmoja anayefanya kazi mapokezi katika hoteli, ambaye alisomea Kijerumani. Alipohadithiwa alicheka, kisha akamwona mjomba alivyokunja uso, akaacha. "Kaka," akasema, "mzee wa watu hakukutukana. Kwao kuwa na nguruwe ni kubahatika. Alikuwa akisema mmeponea chupuchupu."

Kwa nini nguruwe? Wengi hueleza kuwa zamani katika mashindano ya kulenga shabaha huko Ujerumani, mshindani aliyekuwa wa mwisho alipewa nguruwe kama kifuta machozi. Hakustahili kitu, lakini alirudi nyumbani na nyama. Mpaka leo Wajerumani hupeana vijinguruwe vya peremende wakati wa mwaka mpya ili kutakiana heri. Yaani kile ambacho kwetu ni najisi, kwao ni dalili ya baraka. Hapo ndipo nilipoanza kushikwa na hamu.

Tazama, msomaji, jinsi kosa hili lilivyopikwa. Kijana wa ufuoni hakusema uongo. Neno Schwein ni nguruwe, kweli. Yule mama naye hakusema uongo, kwani kwa Kiingereza Schwein ni "pig", kweli tupu. Mashahidi wawili, wa lugha mbili mbalimbali, walikubaliana neno kwa neno, na kukubaliana kwao ndiko kulikomsadikisha mjomba. Angekuwa mmoja peke yake huenda angemshuku. Lakini wote wawili walifanya kosa moja, nalo ni kutafsiri maneno badala ya kutafsiri lililosemwa. Mama yule angesema tu "You were lucky", mjomba angecheka pamoja nao, na kesho yake wangerudi baharini.

Walimu wetu wametufundisha kuwa nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake huwezi kuipata kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Sote tumeikariri maana hiyo ili tupate alama. Mimi binafsi sikuwa nimeielewa mpaka iliponinyima samaki.

Baada ya wiki ile mjomba aliniita. Mkononi alikuwa na daftari la kurasa 96, jalada limeliwa na chumvi. "Ndoo hapa mwanangu," akaniambia. "Wewe wenda skuli. Nitazamie haya, nisije nikagombana na mtu tena." Kumbe kwa miaka mingi amekuwa akiandika kila neno la Kijerumani alilolisikia, kwa tahajia ya Kiswahili kama lilivyoingia sikioni, na kando yake maana ya Kiingereza aliyopewa na wageni. Upande wa Kiswahili alijaza mwenyewe. Maneno ya kawaida, kama samaki, maji, kesho na bei gani, yalikuwa sawa. Lakini kila palipokuwa na nahau palikuwa na kichekesho. Kulikuwa na "It is to me sausage". Kulikuwa na "I press you the thumbs". Kulikuwa na "She gave him a basket", na mbele yake mjomba ameandika kwa Kiswahili: alimpa kikapu, yuwampenda.

Maskini! Kwa Kijerumani, mwanamke akimpa mwanamume kikapu, amemkataa. Posa imerudi. Hebu fikiria kijana wa ufuoni aambiwe na mgeni kuwa rafiki yake amepewa kikapu, naye akimbilie kumpongeza.

Niliazimwa na yule jirani kamusi ya Kijerumani na Kiingereza, nikaanza kazi jioni baada ya masomo. Nilikuta kwamba nahau hazifanani kwa ugumu. Nyingine hazina shida kabisa, kwa sababu lugha zote zimeona jambo lilelile ila kila moja imesimama mahali pake. Mjerumani husema kuwa wapishi wengi huharibu uji. Mwingereza husema wapishi wengi huharibu supu. Sisi wa pwani twasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jambo ni moja, lakini wao wamekaa jikoni nasi tuko baharini. Nilipomsomea mjomba hii alipiga paja. "Hii kweli," akasema, "na huo uji wao niandikie." Hapa mfasiri anayetoka Kijerumani kwenda Kiingereza hana haja ya kung'ang'ania uji. Aushike mchuzi wa Waingereza, kwani ndio uliozoeleka masikioni mwao. Akiandika uji ataeleweka, ila msikilizaji atajua papo hapo kuwa huyu si mwenyeji.

Pia Mjerumani huua nzi wawili kwa pigo moja la kipigio, ambapo Mwingereza huua ndege wawili kwa jiwe moja. Nasi siku hizi twaua ndege wawili kwa jiwe moja, na mimi nashuku kuwa ndege hao tumewaazima kwa Waingereza.

Nyingine zafanana kwa maana lakini hazifanani hata chembe kwa picha. Kile cha soseji, "Das ist mir Wurst", maana yake ni kuwa sijali, liwe hili au lile. Kwa Kiswahili tunayo safi kabisa: kwangu ni mamoja. Kwa Kiingereza jirani aliniambia niandike tu "I don't mind" au "I don't care", na nitazame ni ipi, kwa maana ya kwanza ni ya upole na ya pili ina ukali. Kile cha vidole gumba ni dua. Mjerumani hukunja ngumi gumba likiwa ndani kumtakia mwenzake heri katika mtihani. Mwingereza hupishanisha vidole viwili. Sisi hatutumii vidole, twamwambia Mungu akujalie. Ukimtafsiria Mwingereza gumba lililobanwa, atadhani mtu ameumia.

Zipo pia za kuchekesha zisizo na mwenzake wa karibu. Mjerumani asiyeambulia kitu katika mazungumzo husema anaelewa stesheni ya treni tu. Husimuliwa kuwa ni maneno ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliochoka, ambao hawakutaka kusikia lolote ila habari za kurudi nyumbani. Mwingereza naye husema hayo kwake ni Kigiriki. Asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake, kwa Kijerumani ana nyanya machoni. Hiyo ya nyanya mjomba ameipenda mno, na tangu siku ile huitumia kwa Kiswahili kwa watoto wake, nao hawajui ilikotoka.

Lakini lililonitia hofu zaidi ni nahau za kifo. Mjerumani aweza kusema mtu ameuma majani, au amerudisha kijiko. Mwingereza ana ndoo yake anayoipiga teke. Kamusi ilizipanga hizi pamoja kana kwamba ni ndugu wa toka nitoke, na kwa maana ni kweli, zote ni kufa. Ila zote ni za mzaha. Hapa niruhusuni niungame. Nilipokuwa kidato cha kwanza tulipewa insha ya Kiingereza juu ya siku ya huzuni. Nilikuwa nimejifunza nahau mpya na nilitaka kumwonyesha mwalimu. Nikaandika kuwa babu yangu, Mungu amrehemu, "kicked the bucket". Mwalimu hakuandika kosa lolote la sarufi. Aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimpenda babu yangu. Niliposema ndiyo, akanieleza. Nililia. Ni kana kwamba ningeandika kwa Kiswahili kuwa babu amekata kamba, mbele ya watu waliokaa matangani. Nilitakiwa niandike kwamba "passed away", ambayo ndiyo inayokaa mahali pa kwetu pa kuaga dunia.

Basi kutafuta maana peke yake hakutoshi. Inampasa mtu aulize pia nani amesema, amemwambia nani, na uso wake ulikuwaje alipokuwa akisema. Yule mzee wa Kijerumani alikuwa akicheka na mkono wake uko begani mwa mjomba. Laiti mkalimani wake angeutazama mkono ule kabla ya kumtazama nguruwe! Mtu hatukani huku akikukumbatia, au akitukana hivyo basi ana lake.

Mwalimu wetu wa Kiswahili nilipomweleza haya aliniambia kuwa si mageni. Martin Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, aliandika mwaka 1530 akijitetea kwa waliomlaumu kuwa hakufuata neno kwa neno. Hoja yake ilikuwa kwamba mfasiri hana budi kwenda kuwasikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, aone wao wangelisema vipi. Kwa hiyo Wajerumani wenyewe wamelijua jambo hili kwa karibu miaka 500. Sisi huku Bamburi tumelijua kwa gharama ya wiki moja ya mashua.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Nilidhani Kiingereza ndicho daraja la lazima kati ya Kijerumani na Kiswahili, kwani daftari lote la mjomba limejengwa hivyo: Kijerumani kushoto, Kiingereza katikati, Kiswahili kulia. Kumbe mara nyingine daraja ndilo linalokuzamisha. Wajerumani wana nahau ya kusema mtu anafanya vidole virefu. Mgeni mmoja alimpa mjomba tafsiri ya Kiingereza "he makes long fingers", na kwa Kiingereza hiyo haina maana yoyote, ndiyo maana mjomba alitia alama ya kuuliza. Waingereza wao husema mwizi ana vidole vyepesi. Lakini sisi je? Twasema fulani ana mkono mrefu! Mjerumani na Mswahili wote wawili wamerefusha, mmoja vidole na mwingine mkono, na Mwingereza wa katikati ndiye aliyekuwa akiwatenganisha. Vivyo hivyo Mjerumani aliyechoshwa husema pua yake imejaa, nasi twasema yamenifika shingoni. Ni hatua mbili tu kutoka shingoni hadi puani. Mwingereza husema "fed up", ambayo ukiipeleka mbio kwa Kiswahili itakuwa mtu ameshiba, na kushiba si jambo la kulalamikia.

Wala hatuwezi kusema Kijerumani ni kigeni kabisa kwetu. Tunakwenda shule kila asubuhi, na neno shule ni la Kijerumani, limeingia kutokea Tanganyika enzi za utawala wao, ingawa wazee wa Mombasa kama mjomba bado husema skuli. Pesa za chai huitwa hela, nalo ni jina la sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huko mwaka 1904. Neno mojamoja husafiri bila pasipoti. Nahau ndiyo inayozuiliwa mpakani.

Tena upande wetu huu wa bara umewahi kumwona Mjerumani akihangaika na kazi hii hii, lakini kinyume. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyezaliwa karibu na Tübingen mwaka 1810, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, Nyali, ambapo kaburi na mnara wa kumbukumbu vipo hadi leo. Baadaye alihamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, naye pia Mjerumani. Krapf alikuwa ametumwa na chama cha kimisionari cha London, kwa hiyo kamusi yake kubwa ya Kiswahili aliifafanua kwa Kiingereza. Hebu tuitafakari kazi hiyo. Mtu anasikia Kimvita, anafikiri kwa Kijerumani, anaandika kwa Kiingereza, na Kiingereza si cha mamake wala si cha watu anaowasikiliza. Hakutosheka na kuweka neno moja mbele ya neno jingine, bali mara kwa mara aliandika sentensi nzima ya Kiswahili kuonyesha neno linavyotumika. Alifariki Novemba 1881, na kamusi ikatoka London mwaka 1882. Miaka 9 baada ya hapo, mwaka 1891, Mwingereza W. E. Taylor aliyeishi Mombasa alichapisha mkusanyo wa methali za Kiswahili pamoja na tafsiri zake. Mabwana hao walikuwa na wazee wa Mombasa wa kuwauliza. Mjomba alikuwa na wageni wa siku mbili tatu.

Nikafuata mtindo wa kamusi ile katika daftari la mjomba. Nilifuta zile tafsiri za Kiingereza za neno kwa neno, na mahali pake nikaandika ni wakati gani mtu husema nahau hiyo, anasifu au analaumu, na kama yafaa mbele ya mkubwa. Palipo na nahau ya Kiingereza inayofanya kazi ileile, niliiweka. Pasipokuwapo, niliandika maana wazi bila pambo. Wenzangu wengine katika chama wamenibishia hapa, wakisema nahau bila picha ni kama biriani bila nyama. Nawaelewa. Lakini afadhali mgeni ale wali mkavu kuliko kumlisha kitu asichokijua.

Tusijidai kuwa ni wao tu wanaokosea. Nilipomhoji mjomba vizuri juu ya siku ile, aliniambia kuwa wakati wote akisukuma mashua alikuwa akiwaambia wale wazee "sorry, sorry". Kwa nini? Kwa sababu moyoni alikuwa akiwaambia poleni. Jua kali, wamechoka, poleni. Lakini kwa Mwingereza wa kwao, na zaidi kwa Mjerumani aliyejifunza Kiingereza kitabuni, anayesema hivyo mara kwa mara ameungama kosa. Huenda wale wazee walidhani injini ameiharibu yeye. Wakamsamehe, wakampiga begani, wakamwambia amebahatika. Sisi tulikuwa tumeanza kukosea kabla yao.

Neno hilo pole ndilo limetukwamisha. Kwa mgonjwa, jirani amenipa "gute Besserung". Kwa mfiwa kuna "mein Beileid". Kwa aliyejikwaa tumepata kitu cha karibu. Ila kila jioni mjomba anaporudi kutoka ufuoni, mkewe humwambia pole na kazi, naye hujibu ameshapoa. Hiyo tumeiandika upande wa Kiswahili, ukurasa wa mwisho wa daftari. Jirani amefikiri siku tatu, mimi nimeipekua kamusi yote, na upande wa Kiingereza na ule wa Kijerumani bado ni weupe. Mwenye kuijua na aniletee darasani, niko kidato cha tatu, dawati la dirishani.